Canon 200D ya mtumba na kilenzi cha 24mm, miezi tisa mitaani Dodoma

Naandika hii kwa mtu aliyepo pale nilipokuwa mi mwaka jana, yaani umedunduliza laki tisa au milioni, unataka kamera, na kila unayemuuliza anakwambia chukua lenzi kubwa ya kuzumu ndo inayolipa kwenye harusi. Harusi zinalipa, hilo sibishani na mtu. Ila nataka niongelee Canon 200D na hiki kilenzi cha 24mm ambacho ukikishika mara ya kwanza unadhani ni mfuniko tu wa kamera, kwa sababu nimekaa navyo miezi tisa hapa Dodoma na vimenitoa sehemu moja vikanipeleka sehemu nyingine kabisa.

Kazi yangu ni mahesabu. Natunza vitabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na toka serikali ihamie huku nondo na saruji hazijawahi kulala, kwa hiyo kazi ipo na nashukuru. Kamera niliinunua kwa sababu mbili, nipige picha za bidhaa za duka tuweke mtandaoni, na wikiendi nimsaidie jamaa yangu kwenye sendofu na harusi. Niliipata Kariakoo, mtumba, na lenzi yake ya kuzumu ya 18-55, laki nane na nusu baada ya kuvutana karibu saa nzima. Kilenzi cha 24mm kilikuja baadae, kuna kijana hapa hapa Dodoma alikuwa anahamia Sony, akaniachia kwa laki mbili na thelathini, na kusema kweli nilikinunua kwa sababu ya bei tu, sikuwa najua nakitakia nini.

Nitoe namba kwanza maana kuna watu wanazitaka. 200D ilitoka 2017, Marekani wanaiita SL2, ina megapikseli 24, uzito gramu 453 pamoja na betri na kadi. Kilenzi jina lake kamili ni EF-S 24mm f/2.8 STM, kilitoka 2014, gramu 125, unene sentimita mbili na kidogo, filta yake ni milimita 52. Ukijumlisha vyote ni nusu kilo na ushee. Kwa kuwa sensa ya 200D, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo kuliko zile kubwa zinazoitwa fremu kamili, unazidisha mara 1.6, kwa hiyo 24 inaona kama lenzi ya 38 kwenye fremu kamili. Kimtaani maana yake ni hivi, ukisimama mita mbili na nusu kutoka kwa mtu unampata kuanzia kichwani mpaka magotini na meza yake ya biashara yote inaingia. Ukitaka uso tu ujae kwenye picha inabidi usogee mpaka usikie anavyopumua, kinaruhusu mpaka sentimita 16.

Sasa hapo kwenye kusogea ndo penye maneno.

Mwanzoni nilikuwa naenda Soko la Majengo na ile 18-55, nasimama ng'ambo ya barabara, nazumu mpaka mwisho, napiga. Picha zangu zote za mwezi ule wa kwanza ni migongo ya watu na makopo ya rangi yaliyoingia kwenye fremu bila kuitwa. Siku moja kuna mama muuza nyanya akaniona, akavuka barabara mwenyewe kunifata, akaniuliza, "We kaka, mbona unanivizia kama chui? Hiyo picha unaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwonesha kwenye skrini, nikaifuta mbele yake, nikaomba radhi, nikaondoka na kamera ikakaa kabatini wiki mbili. Hayo maneno ya kuvizia yalinikaa sana kwa sababu ndo kitu nilichokuwa nafanya hasa.

Nilivyoitoa tena kabatini nilikuwa nimeshafunga kile kilenzi. Hakizumu. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha miguu yako ndo zumu, na ukishamkaribia mtu mita mbili Dodoma hii huwezi kukaa kimya kama mti, lazima utoe salamu. Kwa mzee ni shikamoo, na ukimwona ni Mgogo ukaanza na mbukwenyi uso wote unafunguka, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo hapo kama changu. Yaani lenzi imenilazimisha adabu ambayo ilitakiwa niwe nayo toka mwanzo.

Picha ya kwanza ambayo ilinifanya nisilale ni ya fundi viatu, pale pembeni ya soko, anakaa chini ya turubai la bluu. Saa nne asubuhi jua linapita kwenye lile turubai na kila kitu chini yake kinakuwa bluu, mikono bluu, ndevu bluu, sindano yake ya kushonea inameta bluu. Nikamsalimia, nikampa kiatu changu anishonee soli ili niwe na sababu ya kukaa, tukaongea mvua, tukaongea bei ya gundi, baada ya kama dakika kumi akawa ameshanisahau kabisa amerudi kwenye kazi yake, uzi ameukaza kwa meno, kidole gumba kimekandamiza ukingo wa kiatu cha mtoto cha shule, cheusi, kimepasuka mbele. Nikapiga tatu. Ya pili ndo yenyewe.

Hapa kwenye rangi nitoe onyo moja. Ukiiacha kamera kwenye oto itajaribu kuiondoa ile bluu na kila picha itatoka tofauti, moja kijivu moja zambarau. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, rangi utazirekebisha nyumbani, mi nimeiacha bluu ibaki kwa sababu ndivyo kulivyokuwa.

Nikaiprinti saizi ya 4R, ile ya inchi 4 kwa 6, Jumamosi iliyofata nikampelekea. Aliishika kwa ncha za vidole maana mikono ilikuwa na gundi, akaiangalia muda mrefu, nikawa nasubiri aseme kitu kuhusu sura yake. Akaniambia, "Hiki kiatu mwenyewe hajarudi mpaka leo." Akachukua pini, akaibandika kwenye boksi lake la vifaa, kwa mbele, ili mwenye kiatu akipita akione. Wiki mbili baadae kiatu kilichukuliwa, alikuja bibi wa yule mtoto.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamsimulia mke wangu mpaka chakula kikapoa. Akaniambia, "Zamani ulikuwa unanisimulia bei ya nondo, siku hizi unanisimulia watu." Ni kweli. Nina miaka 34, nimefanya mahesabu miaka 11, sijawahi kukaa kitandani saa nane usiku nikiwaza hesabu ya jana ilikuwaje nzuri. Ila picha ya fundi viatu nimeiwaza hivyo, na ya muuza ubuyu, na ya wale vijana wa mkokoteni.

Tuendelee na kamera. Kitu ninachokipenda zaidi kwenye 200D ni ile skrini inayochomoka pembeni na kugeuka. Unaishika kamera usawa wa tumbo, unaangalia chini kidogo, unagusa skrini pale unapotaka fokasi na inapiga hapo hapo. Uso wako unabaki wazi, mnaendelea kuongea na mtu, hujajificha nyuma ya dude. Kuna mama mmoja wa Marekani, Vivian Maier, alizaliwa 1926, alikuwa dada wa kulea watoto wa watu kule Chicago, na muda wake wa ziada alikuwa anazunguka mitaani na kamera aina ya Rolleiflex ambayo nayo unaiangalia kwa juu, inakaa tumboni. Alipiga picha zaidi ya laki moja na karibu hakuna aliyezijua mpaka mizigo yake iliyokuwa stoo ilipopigwa mnada 2007, akafariki 2009. Namfikiria sana huyu mama. Alikuwa na ajira yake kama mi nilivyo na yangu, na bado alitoka akapiga. Ila mi nisingependa zangu zikae kwenye maboksi, na ndo maana naprinti.

Na kuhusu migongo, nilikuwa nimeshajiwekea sheria kwamba picha ya mgongo ni picha ya mwoga, mpaka nikaiona ile picha ya Martin Munkácsi, Mhungari, ya mwaka 1930 hivi, vijana watatu wanakimbilia kwenye maji, inajulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Wamepigwa kwa nyuma wote watatu, weusi kabisa kama vivuli, mikono hewani, povu la maji linawapokea. Huyo Henri Cartier-Bresson ambaye kila anayefundisha picha za mtaani lazima amtaje, hiyo ndo picha aliyosema ilimwasha. Niliikodolea macho sana. Hao vijana wamepigwa kwa nyuma lakini hawajaviziwa, aliyepiga yuko nao pale pale kwenye ile mbio. Kwa hiyo sheria yangu nikaifuta, siku hizi napiga hata migongo, ila niwe karibu.

Mwanga wa Dodoma unahitaji maelezo yake. Tupo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi jua saa sita linakaa utosini kabisa, kofia inameza uso wote, macho hayaonekani. Nilipoteza picha nyingi sana kabla sijaelewa. Dawa ni kuwaweka watu kwenye ukingo wa kivuli, kwenye mabaraza ya maduka ya kule barabara ya Saba na ya Nane, pale ambapo sakafu ina jua na inarudisha mwanga kwa chini. Au uache mchana ule ulale, utoke saa kumi na moja jioni. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu vumbi lote la mji linageuka dhahabu na bajaji zinapita ndani yake kama samaki.

Mchana wa jua kali mi nafanya hivi, naweka f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 200 (jinsi kamera inavyohisi mwanga), shata 1/800 (kasi ya kupiga), nafokasi kwenye kitu kilichopo mita mbili na nusu, alafu nahamisha swichi ya lenzi kwenda MF, yaani fokasi ya mkono. Hapo kila kitu kuanzia mita moja na nusu mpaka saba hivi kipo shwari, sihangaiki na fokasi tena, nainua napiga. Tatizo ni kwamba hiki kilenzi hakina namba za umbali juu yake, na pete yake inazungushwa na umeme sio mkono moja kwa moja, ukiigusa bahati mbaya kamera ikiwa macho fokasi imeshahama na hutojua mpaka ufike nyumbani. Mi nimeifunga na kipande cha soloteipu. Sio pazuri kuangalia ila tangu nifunge sijapoteza picha kwa sababu hiyo.

Kasoro nyingine nizipitie. Ukiangalia kwa tundu la jicho una pointi tisa tu za fokasi na zimekusanyika katikati, ya kati ndo ya kuamini. Lenzi haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo usiku pale Nyerere Square unapanda ISO 3200 na chenga kama mchanga zinaonekana kwenye picha, mi zinanipendeza ila mteja wa harusi hatokuelewa. Kamera haijazibwa dhidi ya vumbi wala maji, na mji wetu unaujua, upepo wa mwezi wa saba na wa nane unaingia mpaka kwenye sukari. Faida ni kwamba ukikaa na lenzi moja tu hufungui kamera, vumbi linapata nafasi ndogo. Nilipokuwa nabadilisha lenzi kwenye harusi za nje nilipata madoa meusi kwenye sensa, f/4 huyaoni, ukifika f/11 anga lote lina vipele. Nunua filta ya kawaida ya 52 uiache hapo mbele na uwe na kile kipulizia cha mpira.

Betri. Canon wanasema picha 650 kwa chaji moja, hiyo ni ukitumia tundu la jicho, ukitumia skrini kama mi unapata mia mbili na kitu. Na haichajiwi kwa USB, betri lazima itoke iende kwenye chaja, umeme ukikatika usiku umekwisha. Nilinunua ya pili kwenye duka moja, nikaambiwa ni orijino, ilifika mwezi ikaanza kuvimba, ikawa haitoki kwenye kamera, nilitumia nusu siku kuitoa kwa uzi. Duka likakataa kurudisha hela. Betri ya kamera hii ni LP-E17, toa hela ya kweli ununue ya kweli, hapo usibane.

Sauti yake sio kubwa na kuna chaguo la kupiga kimya, liwashe siku ya kwanza na usilizime.

Nimeulizwa sana kuhusu usumbufu. Nilishazuiliwa mara moja, na mlinzi wa ofisi moja, nilikuwa nampiga picha mama ntilie aliyekaa nje ya ukuta wao. Akashika mkanda wa kamera, sauti juu, watu wakajaa. Niliumia kwa sababu yule mama alikuwa ameshakubali na mimi ndiye niliyemharibia biashara mchana ule. Toka siku hiyo naangalia nyuma ya mtu kuna nini kabla sijainua kamera, majengo ya serikali, polisi na jeshi nayakwepa kabisa. Watoto siwapigi picha bila mzazi kusema ndiyo. Na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi mwezi wa tano 2023, mi sura ya mtu naichukulia kuwa ni mali yake, kama sijaongea naye haiendi mtandaoni.

Kuna wanaosema ukishaomba ruhusa picha imekufa, mtu anajipanga, ananyoosha shati. Sikubaliani. Ananyoosha shati dakika mbili za kwanza, ipige na hiyo maana hiyo ndo anayoitaka yeye, alafu kaa. Nunua ubuyu. Uliza hali ya mvua. Mtu mwenye kazi hawezi kukuangalia wewe siku nzima, atarudi kwenye kazi yake na hapo ndo unaanza. Isipokuwa mnada wa Msalato Jumamosi, pale ng'ombe, moshi wa nyama choma, wauza mitumba, wanunuzi wanapiga kelele, hamna wa kumuomba ruhusa, unaingia katikati na 24 yako na kila upande ni picha. Msalato ndo ilinifundisha kupiga haraka. Majengo ilinifundisha kusubiri.

Mwezi wa tano nilimwambia jamaa yangu wa harusi kwamba Jumamosi mbili kwa mwezi sitokuwepo. Hakufurahi, na mi najua natupa laki na nusu kila mara, hesabu ndo kazi yangu. Picha za mtaani mpaka sasa zimeniingizia elfu themanini, kinyozi mmoja alinunua nne kubwa akazitundika kwenye saluni yake, za mtaa wake mwenyewe. Sijui mtu anaita nini kitu kinachokutoa kitandani saa kumi na moja na nusu alfajiri bila alamu kwa ajili ya elfu themanini kwa miezi tisa, mi naona ndo nilichoumbiwa na nimeamua kukifata taratibu bila kuacha duka.

Kwa anayetaka kununua, kama lengo ni harusi peke yake, usichukue hiki kilenzi kiwe cha kwanza, kitakubana kanisani. Kama unataka kujua kama mtaa unakuita, chukua bodi yoyote (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon ya mtumba yenye sensa ndogo, sio lazima 200D, ufunge hiki ukae nacho miezi mitatu bila kubadilisha. Ukikagua 200D ya mtumba piga nayo picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa, fungua na funga skrini mara kumi uone bawaba haijalegea, na uhakikishe chaja ipo.

Na tenga hela ya kuprinti. Mi nina daftari, la mistari kama lile la wadaiwa wa dukani, kila niliyemuahidi picha yumo: muuza zabibu, geti la Majengo, mbili. Dada wa chai, stendi, moja. Vijana wa mkokoteni, tatu, kila mmoja yake. Yule mama wa nyanya nilimrudia mwezi wa nne nikiwa na picha za jirani zake mkononi, akazipitia zote, akafuta mikono kwenye kanga, akasema na mimi nipige basi. Yumo, picha mbili, na zimeshalipwa. Wiki iliyopita nimeiuza ile 18-55 kwa laki moja na ishirini, imelipia madeni yote mpaka ukurasa wa sita. Ukurasa wa saba una majina 14.